Jikoni kwa Tiana: Kutoka Mtumishi hadi Mwenye Mkahawa

Bustani moja maarufu ya burudani ya California ilianzia mezani. Juni 1934, Marekani ikiwa imebanwa na mdororo mkubwa wa uchumi, Cordelia Knott wa Buena Park aliwapikia kuku wageni 8, akawapakulia kwenye vyombo vyake vya harusi, kila sahani kwa senti 65. Watu wakanogewa. Foleni ikarefuka hata mumewe, Walter, akaanza mwaka 1940 kujenga mji wa kuigiza wa enzi za kutafuta dhahabu, ili wanaosubiri chakula wapate cha kutazama. Shamba lao la matunda likawa Knott's Berry Farm. Kwa hiyo Walt Disney alipofungua Disneyland mjini Anaheim, jirani tu na hapo, tarehe 17 Julai 1955, ilikwisha kufahamika kwamba mgeni wa bustani hununua chakula pamoja na hadithi yake.

Basi tuulize: hadithi ya nani?

Agosti mwaka huohuo, Disneyland ilifungua Aunt Jemima's Pancake House, mkahawa wa chapati za maji uliobeba jina la unga maarufu. Jina hilo lilikuwa na historia chungu. Lilizaliwa mwaka 1889 huko Missouri, likichukuliwa kutoka kwenye maonyesho ya jukwaani yaliyowadhihaki watu weusi. Katika maonyesho ya dunia ya Chicago ya mwaka 1893, kampuni ya unga ilimweka Nancy Green, mwanamke aliyezaliwa utumwani Kentucky, apike chapati mbele ya umati kando ya pipa kubwa la unga, huku akisimulia visa vya kuyasifu maisha ya kale ya Kusini mwa Marekani. Mwanamke huyo alijua utumwa ulivyokuwa, na kazi aliyopewa ilikuwa kuupamba. Alifariki mwaka 1923 kwa kugongwa na gari, na kaburi lake halikuwekewa jiwe hadi mwaka 2020.

Pale Disneyland sura ya Aunt Jemima ilivaliwa na Aylene Lewis: kilemba kichwani, aproni, tabasamu, na picha na kila familia iliyopita, hadi alipofariki mwaka 1964. Wageni walimpenda, na sina shaka walimpenda kwa dhati. Lakini mwanamke mweusi katika mkahawa ule alikuwepo ili awafurahishe wengine. Mkahawa haukuwa wake, wala jina aliloitwa halikuwa lake. Si mbali na hapo palikuwa na mkahawa mwingine wa kuku uliojengwa kwa sura ya nyumba ya bwana wa shamba la watumwa. Huo ulibomolewa mwaka 1962 kupisha mradi mpya. Jina la Aunt Jemima nalo likaondoka bustanini kufikia mwaka 1970.

Mradi huo mpya ulikuwa New Orleans Square, mtaa wa vichochoro na roshani za chuma uliofunguliwa tarehe 24 Julai 1966, meya wa New Orleans akiwepo. Humo ndimo ulimokuwa French Market, mkahawa wa watu kujipakulia, wenye baraza la kukaa na kusikiliza jazi. Ulihudumia wageni kwa zaidi ya nusu karne. Wengi walilelewa na meza zile, na kuuaga mkahawa wa namna hiyo si jambo jepesi. Hata hivyo, New Orleans iliyojengwa pale ilikuwa na muziki wa watu weusi na mapishi yao, pasipo watu weusi wenyewe kuwa wenye nyumba.

Jijini New Orleans kwenyewe walikuwepo. Mkahawa wa Dooky Chase, katika mtaa wa Tremé, ulianza mwaka 1941 kama kiduka cha mikate iliyojazwa nyama na tiketi za bahati nasibu. Leah Chase, aliyezaliwa mwaka uleule aliofariki Nancy Green, aliolewa katika familia ya wenye mkahawa huo mwaka 1946, akatandika vitambaa mezani na kutundika ukutani kazi za wachoraji weusi. Ghorofani, sheria ya jimbo ikiwa bado inakataza weusi na weupe kula pamoja, walikaa Martin Luther King na wenzake, wa rangi zote, wakipanga mapambano ya haki za raia juu ya bakuli za gumbo, mchuzi mzito wa New Orleans. Hakuna aliyethubutu kuwafungia. Gharika ya kimbunga Katrina ya mwaka 2005 iliuzamisha mkahawa. Leah, aliyekwisha kuvuka miaka 80, akaufungua tena.

Ni yeye aliyewapa watengenezaji wa filamu ya Disney, The Princess and the Frog, ya mwaka 2009 mfano wa Tiana, binti anayehudumia mezani New Orleans ya miaka ya 1920 na kuweka bahashishi zake kwenye makopo ili siku moja anunue jengo. Madalali wanamwambia kwamba mtu wa asili yake hawezi. Anaweza.

French Market ilifungwa Februari 2023, na tarehe 7 Septemba jengo lilelile likafunguliwa kama Tiana's Palace. Gumbo ya mboga za majani saba ina bamia ndani yake, mboga tunayoila nyumbani, iliyofika Amerika katika biashara ya watumwa. Mkahawa huu upo mwendo wa dakika chache tu kutoka pale Aylene Lewis alipopigwa picha. Leah Chase hakuuona. Alifariki mwaka 2019. Najua kampuni kubwa haifanyi haya kwa huruma peke yake, na miaka 68 ya kungoja, tangu 1955, ni mingi mno. Ila mtoto mweusi anayeingia pale leo anamkuta mwanamke wa rangi yake akiwa mwenye mkahawa, na hilo nalithamini sana.

Hadithi imeendelea kukua. Novemba 2024, mchezo wa maji wa Disneyland uliotokana na filamu ya mwaka 1946 iliyolaumiwa kwa kuyaremba maisha ya mashambani baada ya utumwa ulizinduliwa upya kwa jina la Tiana. Humo Tiana ana shamba, jiko na biashara ya vyakula, na biashara hiyo ni ushirika: wafanyakazi ndio wenye mali.