Kocha Dhaifu Mwenye Kombe Mkononi

Kila mwezi Machi, mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani yanapopamba moto, mashabiki wa huko huufufua ubishi wa miaka mingi: kati ya makocha wote waliowahi kutwaa ubingwa, dhaifu kuliko wote ni nani? Majina hayakawii kutajwa. Steve Fisher wa Michigan, bingwa wa 1989, alikuwa ameiongoza timu kwa mechi sita tu alipobeba kombe. Kevin Ollie wa Connecticut, bingwa wa 2014, alifutwa kazi miaka minne baadaye. Swali lenyewe linasikika kama la kuwavunjia heshima watu waliofanya jambo ambalo makocha stadi wengi hustaafu bila kulionja. Hata hivyo, ndani yake mna swali zito zaidi: kazi ya kocha hasa ni ipi? Ukiupeleka ubishi huu kwenye soka la Ulaya, kisha kwenye timu za taifa za Afrika, utaona kwamba kila mahali bingwa hushukiwa kwa sababu tofauti, na sababu hiyo hufichua kile ambacho watu wa mahali hapo wanakitarajia kwa kocha.

Tuanze vyuoni. Kwa miongo mingi chuo hakikununua mchezaji kwa fedha kama klabu ya soka inavyonunua. Kocha mwenyewe ndiye aliyekwenda kuketi sebuleni kwa wazazi wa kijana aliyekuwa bado sekondari, akawaahidi kwamba mtoto wao atasoma, atalelewa na atacheza. Mchezaji hukaa miaka michache akaenda zake, kocha hubaki. John Wooden aliipa UCLA makombe 10 kati ya 1964 na 1975. Mike Krzyzewski alikaa Duke misimu 42 na kuondoka na makombe 5. Katika mila hii kocha ni mlezi, msaka vipaji na mjenzi, na jina lake hukumbukwa kuliko la wachezaji wake wengi. Lakini kombe halitolewi kwa kipimo hicho cha miaka. Hutolewa kwa mtoano wa wiki tatu, ambapo anayefungwa mara moja hufungasha virago, na bingwa hutakiwa kushinda mechi sita mfululizo. Miaka hujenga kikosi, wiki tatu hugawa kombe, na ubishi umezaliwa katika pengo lililo kati ya hivyo viwili.

Hakuna aliyesimama katikati ya pengo hilo kama Fisher. Siku chache kabla ya mtoano wa 1989 kuanza, kocha mkuu wa Michigan, Bill Frieder, alikubali kazi katika chuo cha Arizona State. Alitaka kwanza ayamalize mashindano na vijana wake. Mkurugenzi wa michezo wa chuo, Bo Schembechler, alikataa katakata: Michigan ingeongozwa na mtu wa Michigan. Ndipo msaidizi wa Frieder, Fisher, akakabidhiwa timu ambayo hakuwahi kuwa mkuu wake hata kwa mechi moja. Aprili 3, mjini Seattle, fainali dhidi ya Seton Hall iliingia muda wa nyongeza. Zikiwa zimebaki sekunde 3, Michigan ikiwa nyuma kwa pointi 1, Rumeal Robinson alisimama kwenye mstari wa mitupo huru. Mapema msimu ule ule alikuwa ameikosa mitupo ya namna hiyo dhidi ya Wisconsin, Michigan ikapoteza, na tangu hapo akawa anabaki uwanjani baada ya mazoezi kurusha tena na tena. Safari hii mitupo yote miwili iliingia. Mwisho: 80 kwa 79.

Mitupo ile miwili iandikwe kwa jina la nani? Wanaomwona Fisher dhaifu wana hoja. Wachezaji walisajiliwa na Frieder, na zoezi lile la Robinson lilianza chini ya Frieder. Glen Rice alifunga pointi 184 katika mechi sita, rekodi ya mtoano ambayo haijavunjwa, na wao huuliza ni kocha gani angeshindwa akiwa na mtu kama huyo. Kwao Fisher alipakua tu chakula kilichopikwa na mwingine. Lakini wanaomtetea nao wana hoja. Msimu huo Illinois ilikuwa imeifunga Michigan mara mbili, Frieder akiwa kwenye benchi na Rice akiwa uwanjani. Katika nusu fainali dhidi ya Illinois hiyo hiyo, wachezaji ni wale wale, kocha ni Fisher, Michigan ilishinda 83 kwa 81. Kama wachezaji peke yao wangetosha, wangekuwa wametosha tangu Januari.

Vuka sasa bahari uende Ulaya, miaka 23 mbele. Machi 2012 Chelsea ilimfuta kazi André Villas-Boas, na msaidizi wake, Roberto Di Matteo, akapewa timu kwa muda. Katika Ligi ya Mabingwa ilikuwa imefungwa 3-1 na Napoli katika mechi ya kwanza. Chini ya Di Matteo ikashinda 4-1 nyumbani baada ya muda wa nyongeza. Ikaitoa Barcelona katika nusu fainali. Mei 19, mjini Munich, ikaikuta Bayern kwenye uwanja wa Bayern yenyewe, huku nahodha John Terry na wenzake watatu wakitumikia adhabu. Di Matteo alimpanga upande wa kushoto Ryan Bertrand, kijana ambaye hakuwahi kucheza hata mechi moja ya Ligi ya Mabingwa. Bayern ilipata bao dakika ya 83, Didier Drogba akasawazisha kwa kichwa dakika ya 88, na Chelsea ikatwaa kombe kwa mikwaju ya penalti. Novemba mwaka huo huo Di Matteo alifutwa kazi.

Ukiwaweka wawili hawa bega kwa bega, mfanano ni mkubwa: wasaidizi wote wawili, walipokea timu mkuu alipoondoka ghafla, na walishinda kwa kikosi ambacho hawakukikusanya. Tofauti iko kwenye shutuma. Michigan walimwuliza Fisher: wachezaji hawa umewaleta wewe? Chelsea hakuna aliyeuliza hilo, kwa sababu katika klabu kubwa ya Ulaya wachezaji hununuliwa kwa fedha ya mmiliki, na makocha hupita kama abiria. Shutuma dhidi ya Di Matteo ilihusu namna ya kucheza: kwamba timu yake ilijazana nyuma, ikavumilia na kungoja bahati. Chuoni, kocha hutakiwa awe amelima shamba. Ulaya, hutakiwa awe na fikra yake ya mchezo, inayotambulika hata akihama klabu. Kila upande ulimpima bingwa wake kwa kitu ambacho yeye hakupata muda wa kukionyesha.

Ubishi wa vyuoni una hoja nyingine ambayo inafaa kupimwa kwa kuitazama ligi ya kulipwa ya Marekani yenyewe. Wanasema mtoano ni kama bahati nasibu: mechi moja mbaya, safari imekwisha, hivyo kocha wa kawaida anaweza kupenya. Ligi ya NBA imeiziba njia hiyo, kwani fainali yake huamuliwa kwa mshindi wa michezo minne kati ya saba. Hata hivyo nako shaka ipo. Novemba 1979 kocha wa Lakers, Jack McKinney, alianguka na baiskeli akiwa njiani kwenda kucheza tenisi na msaidizi wake, Paul Westhead, akaumia vibaya kichwani. Westhead akaichukua timu na kutwaa ubingwa wa 1980, kisha akafutwa kazi mapema katika msimu wa 1981–82. Kwa kuwa mechi zilikuwa nyingi, hakuna aliyeisingizia bahati. Sifa zikapelekwa kwa Kareem Abdul-Jabbar na kwa Magic Johnson, aliyefunga pointi 42 katika mchezo wa sita. Miaka mingi baadaye, mwaka 2007, Westhead aliipa Phoenix Mercury ubingwa wa ligi ya wanawake, akawa kocha wa kwanza kutwaa ligi zote mbili. Shaka, basi, haizaliwi na mfumo wa mashindano peke yake. Huzaliwa pale kocha anapokosa miaka ya kuielezea kazi yake.

Turudi vyuoni kwa Ollie, ambaye kesi yake ni kinyume cha ile ya Fisher. Connecticut si chuo kigeni kwa wapenzi wa kikapu Tanzania: ndiko Hasheem Thabeet alikocheza hadi 2009, alipochaguliwa wa pili katika usajili wa NBA. Wakati huo kocha alikuwa Jim Calhoun, aliyekipa chuo makombe matatu na kustaafu mwaka 2012. Ollie, mchezaji wake wa zamani, alimrithi wakati timu imefungiwa kucheza mtoano wa 2013 kwa sababu ya maendeleo mabaya ya masomo. Mwaka uliofuata aliingia akiwa amepangwa wa saba katika kanda yake, akaifunga Florida iliyokuwa imeshinda mechi 30 mfululizo, kisha akaifunga Kentucky 60 kwa 54 katika fainali. Connecticut ilipata mitupo huru yote 10. Kentucky ilikosa 11 kati ya 24. Timu tulivu namna hiyo mbele ya umati haijitengenezi. Lakini baadaye mambo yaliharibika: msimu wa 2016–17 alishinda 16 na kupoteza 17, uliofuata akashinda 14 na kupoteza 18, kisha akaondolewa katika mgogoro uliofika kwa msuluhishi, ambaye mwaka 2022 aliamua alipwe zaidi ya dola milioni 11. Fisher alishukiwa kwa yaliyotangulia kombe. Ollie alishukiwa kwa yaliyolifuata.

Afrika inaupa mjadala huu sura nyingine kabisa. Januari 2024 Ivory Coast, mwenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika, ilifungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta mbele ya watu wake. Kocha Jean-Louis Gasset akaondoka kabla hata ya kujulikana kama timu imefuzu. Shirikisho likajaribu kumwazima Hervé Renard kutoka timu ya wanawake ya Ufaransa, Wafaransa wakakataa, na timu ikabaki kwa msaidizi, Emerse Faé. Ivory Coast ilipenya kwa tundu la sindano, ikiwa miongoni mwa timu zilizoshika nafasi ya tatu. Ikaitoa Senegal kwa penalti, ikaishinda Mali ikiwa na wachezaji kumi, ikaifunga DR Congo 1-0, na Februari 11 ikaifunga Nigeria 2-1 katika fainali. Faé alikuwa ameanza kazi ya ukocha mkuu katikati ya mashindano yale yale.

Taifa Stars ya Tanzania nayo ilibadili kocha katika mashindano hayo hayo. Adel Amrouche alifungiwa na Shirikisho la Soka Afrika (CAF) na kusimamishwa na lile la Tanzania (TFF), na Hemed Suleiman, maarufu kama Morocco, akashika usukani. Tanzania ilitoka sare mbili na kuishia mkiani mwa kundi. Sare moja, ya 1-1 dhidi ya Zambia, iliiacha Zambia mwisho wa hatua ya makundi na pointi 2, na hiyo ikawa sehemu ya sababu Ivory Coast ikapita na pointi zake 3. Makocha wawili wa dharura, mazingira yanayofanana: mmoja akapata medali, mwingine akapata pointi za heshima. Kikosi cha Faé kilikuwa na wachezaji wa klabu kubwa za Ulaya, na hakuna haja ya kulificha hilo. Lakini Abidjan hakuna aliyemwambia Faé kwamba wachezaji si wake. Timu ya taifa haina anayemiliki jasho lake: vijana hukuzwa na akademia, klabu na familia, na kocha yeyote huwapokea kwa wiki chache. Swali lililoulizwa lilikuwa tofauti: je, mzawa anaweza kuaminiwa? Kombe lilipojibu, aliachiwa kazi.

Mila hizi zikikutanishwa, zinakubaliana jambo moja. Anayepokea timu ya mwenzake katika saa mbaya huwa na njia rahisi ya kujipatia jina, nayo ni kubadilisha kila kitu ili ionekane yeye ndiye amefika. Fisher, Di Matteo, Westhead na Faé walibadilisha machache, wakatuliza watu, wakawapanga waliokuwepo. Huo ni ustadi, na ni adimu, kwa maana historia ya michezo imejaa makocha wa muda walioivuruga timu kwa kiherehere. Zinatofautiana juu ya kama ustadi huo wa wiki tatu unatosha kumfanya mtu aitwe kocha mkubwa. Afrika husema unatosha kumpa nafasi. Ulaya humlipa na kumuaga. Vyuo vya Marekani humwambia asubiri, aonyeshe kama anaweza kujenga.

Na Fisher alijenga. Alirudi fainali mwaka 1992 na 1993, ingawa fainali hizo baadaye zilifutwa katika rekodi kwa sababu ya fedha alizopewa mchezaji, na Michigan ilimwondoa mwaka 1997. Mwaka 1999 akachukua San Diego State, timu iliyokuwa imeshinda mechi 4 na kupoteza 22, ambayo hata wanafunzi wake hawakujali kuja kuitazama. Aliwagawia tiketi mwenyewe. Msimu wa 2010–11, akiwa na Kawhi Leonard, alishinda 34 na kupoteza 3. Aliyekuwa msaidizi wake tangu Michigan, Brian Dutcher, akamrithi na kuifikisha timu hiyo fainali ya 2023. Kwa kipimo kikali kabisa cha mila yake mwenyewe, jina la Fisher lifutwe kwenye orodha ya walio dhaifu. La Ollie linaweza kubaki, kwa sharti kwamba tuseme wazi tunapima nini: alishindwa kuitunza nyumba aliyorithi, na alishinda siku sita ambazo wengi waliojenga nyumba kubwa zaidi hawakuwahi kuzishinda. Mwenye kutaka kumtaja kocha dhaifu kati ya mabingwa aseme kwanza anamhukumu kwa mila ipi, maana kila moja ina haki ya kuuliza swali lake, na hakuna iliyo na haki ya kujibu kwa niaba ya nyingine.