Miaka 100 ya vijiti vya Yagi, na karai la Kibondo

Ukiingia mjini Kibondo, mkoani Kigoma, kutoka upande wa Kasulu, acha maduka, tazama juu ya mabati. Mianzi imesimamishwa kando ya nyumba na kukazwa kwa mipira ya tyubu za baiskeli, na kila mwanzi umebeba kitu chake. Mmoja una vijiti vya aluminiamu vilivyopangwa kama mifupa ya samaki. Mwingine una ungo wa setilaiti uliokwishaachana na king'amuzi chake. Wa tatu una karai, lile lile la kukaangia maandazi, limelazwa ubavu kuelekea mlimani, na katikati yake imening'inia modemu ndogo iliyovikwa chupa ya maji iliyokatwa ili isilowe. Mwenye nyumba hajasahau chombo nje. Hiyo ndiyo intaneti yake.

Ile mifupa ya samaki inatimiza miaka 100 mwaka 2026. Februari 1926 Wajapani wawili, Hidetsugu Yagi na Shintaro Uda wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tohoku, mjini Sendai, walichapisha maelezo ya antena inayokusanya mawimbi kutoka upande mmoja. Dunia ikaiita Yagi. Huenda hakuna chombo cha kisayansi kilichotengenezwa upya mara nyingi kuliko hiki na watu ambao hawakuwahi kusikia jina lake. Kibondo wanakiita antena, basi.

Aliyenisimulia mengi ya upande wa Kibondo ni mzee mmoja fundi redio, aliyeomba jina lake lisiandikwe kwa kuwa wapo wateja wanaomdai redio zao tangu zamani. Upande wa Japani nimeufuata katika simulizi ya mhandisi Gentei Sato, iliyochapishwa Marekani mwaka 1991. Hawa wawili hawajuani, lakini wanalalamikia jambo moja.

Waya juu ya mwembe

Mwanzo ulikuwa redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kutoka huko hadi nyanda hizi za Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,000, na mawimbi mafupi yalifika kwa kudunda angani, yakaja yamechoka. Dawa ilikuwa waya wa shaba, kutoka dirishani hadi kwenye mwembe. Fundi wangu anasema kijana aliyejua kupandisha waya alialikwa nyumba nyingi kuliko aliyejua kucheza ngoma.

Kisha wakaja wakimbizi: Warundi mwaka 1972 na tena 1993, Wakongo mwaka 1996, ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Hapo waya ule ule ukabeba uzito mwingine. Mwaka 1994 BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyokuja kuitwa Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia, na waliopotezana wakatafutana kwa majina hewani. Mwaka 1995 Radio Kwizera ikaanza Ngara. Redio inayokoroma ilikuwa usumbufu kwa mtu wa mjini. Kwa mama aliyekuwa akingoja jina la mwanawe, mkoromo mmoja mahali pabaya ulikuwa msiba.

Televisheni Zanzibar ilianza mwaka 1973; Bara ikangoja hadi 1994. Ilipofika, ikaja na mifupa ya samaki.

Jina la nani?

Hapa inafaa tusimame Sendai, kwa sababu hadithi ya vijiti hivi ni hadithi ya ugomvi usiopigwa kelele.

Yagi alikuwa profesa, mtu wa safari, aliyesoma Ulaya na Marekani. Uda alikuwa msaidizi wake, kijana wa karakana. Uda ndiye aliyekata vijiti, akavipanga, akapima, akavipanga tena. Aligundua kwamba ukiweka kijiti kirefu kidogo nyuma ya kile kinachopokea, kinarudisha mawimbi kama kioo. Ukiweka vifupi kidogo mbele, vinayavuta na kuyaongoza. Vijiti hivyo havikuunganishwa na waya wowote. Vilisimama tu mahali pake, kwa urefu wake, na kazi ikafanyika. Uda akaandika mfululizo wa makala kwa Kijapani, akaeleza kila hatua.

Hataza ikatoka kwa jina la Yagi peke yake. Mwaka 1928 Yagi akaeleza uvumbuzi huo kwa Kiingereza katika jarida la wahandisi wa redio Marekani. Alimtaja Uda kwa heshima, tusimsingizie. Lakini makala za Kijapani hazikusomwa ng'ambo, na ile ya Kiingereza ilisomwa. Msomaji wa London au New York akaona jina moja, akalitumia. Wanaojali haki leo husema Yagi-Uda. Wanaouza antena husema Yagi.

Cha ajabu zaidi, kwa miaka mingi nyumbani kwao hakuna aliyeujali uvumbuzi wao. Kwa mujibu wa Sato, muda wa hataza ulipokaribia kwisha Yagi aliomba uongezwe, na wakubwa wakamjibu kwamba uvumbuzi wenyewe si wa maana. Mwaka 1941 ikaisha.

Februari 1942 Singapore ikaanguka mikononi mwa Wajapani. Katika mitambo ya rada waliyoiacha Waingereza, maofisa wa Kijapani wakaokota daftari la fundi mmoja wa rada aitwaye Newmann. Wakalichambua, na kila baada ya kurasa kadhaa wakakutana na neno wasilolielewa: Yagi. Hawakujua hata litamkwe vipi. Wakadhani ni fumbo la kijeshi. Wakamtafuta mwenye daftari katika kambi ya mateka, wakamuuliza maana yake. Newmann, anasimulia Sato, alidhani wanamtania. Akawaambia ni jina la profesa wa Kijapani aliyevumbua antena hiyo.

Fikiria fedheha hiyo. Adui anakilinda kisiwa kwa chombo chako, wewe unamwuliza mateka kinaitwaje. Miaka mitatu baadaye mabomu yaliyoangushwa Hiroshima na Nagasaki yalibeba vifaa vya kupima umbali kutoka ardhini, vyenye antena za Yagi.

Uda alienda India kati ya mwaka 1955 na 1958 kufundisha mambo ya redio. Yagi alitunukiwa nishani ya utamaduni ya Japani mwaka 1956. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1976, Yagi Januari na Uda Agosti.

Nilipomsimulia fundi wangu habari hii hakushangaa hata kidogo. Alisema anayeshika risasi ya kuchomelea hashiki kalamu, na anayeshika kalamu ndiye anayeandikwa.

Kopo, kisha karai

Simu za mkononi zilifika Tanzania mwaka 1994. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Global Catalyst Foundation ulileta intaneti ya setilaiti Kasulu na kambi ya Mtabila, kitu cha ajabu wakati huo. Lakini intaneti ya kila nyumba ilikuja na modemu, zile za kuchomeka kwenye kompyuta, na papo hapo vilima vya Kigoma vikaanza kuidai kodi. Mnara uko nyuma ya mlima. Bondeni hakuna kitu. Watu wakapanda vichuguu, simu mkononi, kama wanaotafuta nyota.

Walioishi karibu na mpaka, kama Mabamba, walikuwa na balaa la pili. Wimbi halina pasipoti. Simu ikikosa mnara wa nyumbani hudaka wa Burundi, na salio huondoka bila kuaga.

Hapo ndipo ujanja wa redio ulipozaliwa upya. Kanuni ni ile ile: gawanya 300 kwa masafa ya megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Mtandao wa 2100 una wimbi la sentimita 14 hivi, kwa hiyo kijiti cha kupokea, nusu yake, ni sentimita 7. Mtandao wa 900 una wimbi la sentimita 33, kijiti ni 16 hivi. Cha nyuma kirefushe kidogo, vya mbele vifupishe kidogo. Uda hakufanya zaidi ya hapo, ila alifanya kwanza. Na kwa kuwa antena hii hutazama upande mmoja, ukiielekeza mnara wa nyumbani unaipa Burundi kisogo. Bando likapona.

Kwa Wi-Fi ya kutoka nyumba moja hadi nyingine, ujanja maarufu ulikuwa kopo. Mmarekani Rob Flickenger aliitia umaarufu antena ya kopo la viazi vya kukaanga mwaka 2001, na mafundi wa dunia nzima wakaanza kuchungulia mapipa ya taka. Kopo lenye kipenyo kati ya sentimita 7.5 na 9.5 linafaa, likiwa jembamba zaidi ya hapo wimbi halipiti. Ndani yake husimama kipande cha waya wa shaba cha sentimita 3.1, robo ya wimbi. Kikizidi kidogo unapoteza. Kikipungua kidogo unapoteza. Wanaodhani ufundi huu ni kubahatisha wajaribu kukikata kwa macho.

Karai nalo lina wenzake mbali. New Zealand, Stan Swan alichomeka kifaa cha Wi-Fi katikati ya vyombo vya jikoni. Indonesia, Onno Purbo akaeneza antena ya karai, ambalo kwao huitwa wajan, hadi ikawa kazi ya vijana. Kibondo hawakuhitaji kuambiwa na wa mbali, maana Kiswahili chenyewe kilishasema: chombo cha setilaiti tunakiita ungo, kama ule wa kupepetea. Ungo hukusanya na kuacha pumba ziende. Mzungumzaji wa kwanza aliyekiita hivyo alikuwa mhandisi bila cheti.

Mahali pa kuweka modemu ndani ya karai panapatikana kwa hesabu ndogo. Zidisha upana wa mdomo kwa upana huo huo, kisha gawanya kwa kina mara 16. Karai la sentimita 40 lenye kina cha sentimita 10 linataka modemu ikae sentimita 10 kutoka kitakoni. Na modemu yenyewe ndiyo ipande juu, si waya mrefu wa antena, kwa sababu waya mwembamba hula karibu desibeli moja kila mita, na mita chache zikimaliza kula, karai limefanya kazi bure. Waya wa USB hauli hivyo, lakini ukipita mita 5 kwa kawaida hukataa kabisa. Ndiyo maana mianzi ya Kibondo imesimama jirani na madirisha.

Fundi wangu anasisitiza mambo mawili ambayo wateja hawapendi kuyasikia. Kwanza, karai si la kila mtandao: kwa mawimbi marefu ya 800 na 900 karai la jikoni ni dogo mno, vijiti vinalishinda. Pili, antena hukinga tu. Mvua isiponyesha, pipa halijai hata likiwa kubwa vipi. Mnara ukizidiwa na watu jioni, utaona vipimo vya mtandao vimejaa na picha haifunguki; hapo fundi halaumiwi.

La tatu nitalisema mimi, kwa kuwa yeye alilisema kwa kucheka na halichekeshi. Kigoma ni nchi ya radi. Chuma kilichoinuliwa juu ya mabati bila waya wa kukishusha ardhini ni mwaliko. Mawingu yakikusanyika, chomoa kabla ya kufunga madirisha.

Karai tumeliacha wapi?

Miaka ya karibuni haina simulizi ndefu. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitungiwa sheria mwaka 2006. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kwa njia ya bahari, na Mkongo wa Taifa ukaanza kujengwa. Kampuni ya simu ya Halotel iliingia mwaka 2015 na minara ya vijijini. Televisheni za analojia zilizimwa kwa awamu kuanzia mwisho wa 2012, nyungo zikazagaa, nyingine zikageuzwa vyombo vya kulishia kuku. Shule za Nyarugusu zikapata vyumba vya intaneti kwa msaada wa Vodafone na UNHCR. Yote ni heri.

Lakini meza ya fundi redio imepungua. Simu ikifa inatupwa, ruta ikifa inatupwa, na kijana mwenye mkono hupelekwa kuuza vocha. Tunawafundisha wanafunzi mawimbi kwa mchoro ubaoni, halafu tunawarudisha nyumbani kupita chini ya mwanzi wenye vijiti halisi, vilivyokatwa kwa rula na mtu ambaye hakuna shule iliyowahi kumwita asimame mbele ya darasa. Wajapani walimwuliza mateka. Sisi tutamwuliza nani, siku mtoto wa Kibondo atakaposoma katika kitabu cha mgeni kwamba karai hukamata mtandao?

Kabla ya kuondoka nilimwomba fundi aniteremshie lile karai la mwanzi wa tatu nilitazame nyuma. Nilitarajia kuona alama yake, tarehe, hata saini. Hakuandika kitu. Kwenye kitako, kwa rangi ya kucha iliyofifia, kulikuwa na herufi mbili za jina la mama mwenye nyumba, alizoziandika mwenyewe ili karai lake lisipotee kwenye shughuli za majirani.