Mlima Kolsås wa Monet: Ulitoka Karatasini, Umerudi Karatasini

Mlima Kolsås, magharibi mwa jiji la Oslo nchini Norwe, haufikii hata mita 400. Kwa kimo hicho usingejulikana nje ya wilaya yake. Lakini mwaka 1895 mchoraji Mfaransa Claude Monet aliuchora mara 13, na leo sura yake imetundikwa sebuleni kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Norwe. Wengi wao wanayo picha iliyochapwa kwenye karatasi. Wapo wanaoibeza picha ya namna hiyo kwamba ni nakala tu. Historia ya mlima huu haikubaliani nao.

Monet alifika Norwe majira ya baridi ya mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 54, kumtembelea Jacques Hoschedé, mtoto wa mkewe, aliyekuwa akiishi Christiania, jina la Oslo wakati huo. Tayari alikuwa mtu mashuhuri. Picha yake ya macheo katika bandari ya Le Havre ndiyo iliyowapatia yeye na wenzake jina la impreshonisti, walipofanya onyesho lao la kwanza Paris mwaka 1874. Kanuni yao ilikuwa kutoka nje na kuchora mwanga jinsi jicho linavyoupokea saa ile ile.

Norwe iliijaribu kanuni hiyo kwelikweli. Theluji ilikuwa imefunika kila kitu, na mwanzoni Monet alihangaika kupata mahali pa kuweka turubai yake. Hatimaye alipiga kambi Sandvika, wakati huo kijiji karibu na Kolsås, akawa anachora nje kwenye baridi iliyogandisha mpaka ndevu zake. Katika muda wa miezi miwili hivi alitoa picha 29, na karibu nusu zilikuwa za mlima mmoja, ukitazamwa kutoka upande ule ule. Kilichobadilika ni hewa: asubuhi yenye ukungu, mchana wa jua, jioni yenye mawingu mazito. Mtindo huo alikwisha kuutumia kwa marundo ya ngano na kwa kanisa kuu la Rouen.

Kwa nini mlima ule? Jibu limo katika barua zake. Aliwaandikia wa nyumbani kwamba Sandvika inamkumbusha kijiji cha Kijapani, na kwamba Kolsås inamfanya auwaze Mlima Fuji. Monet hakuwahi kufika Japani. Fuji aliufahamu kwa picha zilizochapwa.

Bandari za Japani zilipofunguliwa kwa biashara ya Magharibi katika miaka ya 1850, picha za kuchapwa kwa mbao zilianza kumiminika Ulaya. Monet alizikusanya kwa miaka mingi. Kazi za wasanii wa Kijapani Hokusai, Hiroshige na Utamaro zilijaa kuta za nyumba yake ya Giverny. Hokusai, akiwa na miaka 70 hivi, ndiye aliyeanza mapema miaka ya 1830 kutoa mfululizo maarufu wa mandhari 36 za Mlima Fuji, ambazo baadaye ziliongezwa zikafika 46. Mlima mmoja, sura nyingi: wazo hilo lilimtangulia Monet kwa zaidi ya miaka 60.

Inafaa kutazama jinsi picha hizo zilivyotengenezwa. Msanii alichora kwenye karatasi nyepesi. Mchongaji aliibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, akachonga kufuata mistari, na mchoro wenyewe ukaharibika papo hapo. Kisha mchapaji alipaka rangi ubaoni, akalaza karatasi juu yake na kuisugua mgongoni kwa kifaa bapa cha mkononi. Rangi nyingine ilihitaji ubao mwingine. Kwa hiyo hakuna Fuji ya asili iliyofichwa mahali fulani, ambayo zile za karatasi ni kivuli chake. Zilizochapwa ndizo kazi yenyewe, na ziliuzwa kwa bei ambayo watu wa kawaida waliimudu.

Kolsås ni habari tofauti, na hapa wanaobeza wana hoja. Picha iliyoko katika jumba la makumbusho la Orsay, Paris, ina upana wa mita moja hivi. Ukiikaribia unaona theluji si nyeupe: ni buluu, zambarau na waridi, imepakwa kwa mipigo ya haraka ya brashi, na rangi imeachwa na matuta yake. Matuta hayo hupokea taa ya ukumbini, kila moja na kivuli chake. Karatasi haiwezi kuyabeba.

Hata hivyo uchapaji umepiga hatua kubwa. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, picha za bei nafuu zilichapwa kwa rangi nne tu katika mitambo ya ofseti, na buluu laini za Monet ziliumia. Mwaka 1991 karakana ya Nash Editions ilifunguliwa California, ikitumia printa za Iris zilizorusha matone madogo mno ya wino kwenye karatasi bora. Wino wa kwanza ulipauka upesi. Baadaye ukaja wino wa chembe za rangi, unaostahimili mwanga kwa miaka mingi, pamoja na karatasi ya pamba isiyo na asidi, ambayo haigeuki manjano.

Kwa hiyo anayetaka kununua Kolsås, au mandhari nyingine ya Monet, aulize mambo matatu: karatasi ni ya aina gani, wino ni wa aina gani, na picha ya kidijitali ilitoka jumba gani la makumbusho. Akiitundika, aiepushe na jua la dirishani. Na asione haya kwamba ni ya kuchapwa. Kama wafanyabiashara wa Japani wasingechapa milima yao na kuiuza nafuu, Monet angepita Sandvika bila kuuona mlima wa kuchorwa mara 13.