Majuto ni Mjukuu

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, mwisho huja kinyume. Juma hili tumzungumzie mtu aliyelibeba neno hilo kama jina lake la kazi, akatuchekesha nalo maisha yake yote, kisha akatuachia maana yake.

Mtu huyo ni Mzee Amri Athumani, ambaye nchi nzima ilimfahamu kwa jina la King Majuto. Alizaliwa Tanga mwaka 1948. Alianza kuigiza akiwa bado mtoto, mwishoni mwa miaka ya hamsini, wakati Tanganyika ingali chini ya Waingereza. Alifariki dunia katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili tarehe 8 Agosti, 2018, akazikwa kwao Tanga. Hiyo ni karibu miaka 60 ya kazi moja.

Katika miaka hiyo kazi ya mchekeshaji ilihamahama. Ilikuwa jukwaani, pamoja na ngoma na sarakasi. Ilikuwa redioni, enzi za Pwagu na Pwaguzi. Vituo vya kwanza vya televisheni vilipoanza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, ikaingia sebuleni. Kisha zikatamba kanda za video, na baada yake CD. Wengi waliachwa njiani. Mzee Majuto alihama nayo.

Hakuwa yule kijana mtanashati anayeishia kumwoa binti wa hadithi. Nafasi yake ilikuwa ya mzee tunayemjua sote mtaani: mkorofi, mjanja, mwenye jicho la tamaa, ambaye ujanja wake humrudia mwenyewe. Waigizaji wa aina hiyo wako kila nchi. Waliokuwa wakipanga foleni Avalon na Empress hapa jijini kutazama sinema za kauboi watazikumbuka zile sura ngumu za Wamarekani. Mmoja wao ni Jack Palance, mtoto wa mchimba makaa ya mawe wa Pennsylvania. Mwaka 1953 alikuwa muuaji wa kukodiwa katika sinema ya Shane. Tuzo ya Oscar aliipata mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 73.

Lakini hapo pana tofauti kubwa. Waigizaji wa Marekani wana chama chao tangu mwaka 1933. Mwaka 1960 chama hicho kiligoma, na mgomo ukazaa matunda: sinema zilizotengenezwa kuanzia mwaka huo zikiuzwa kwa televisheni, mwigizaji naye apate fungu lake, na waajiri wachangie mfuko wa pensheni na matibabu. Sura ya mtu ikionyeshwa tena, mwenye sura naye hukumbukwa.

Sasa turudi kwetu Kariakoo. Enzi za CD ungeweza kutoka Mchikichini hadi Msimbazi ukikutana na sura ya Mzee Majuto kila hatua, mezani na mikononi mwa machinga, kati ya soksi na leso. Mwenye meza alipata chochote. Machinga alipata. Mwenye banda la video alipata, na aliyenakili kwa siri chumbani kwake alipata pia. Mwigizaji, kwa desturi ya biashara hiyo, alilipwa mara moja tu, wakati wa kupiga picha. Baada ya hapo sinema iliuzwa jumla kwa msambazaji, na hesabu yake ikafungwa.

Si kwamba sheria haikuwepo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, ikaanzisha COSOTA. Lakini sheria haiwezi kumrudishia mtu alichokwisha kukiuza kwa saini yake. Ilikuwa mwaka 2018, Mzee Majuto akiwa mgonjwa, ndipo Waziri mwenye dhamana ya sanaa, Dk. Harrison Mwakyembe, alipounda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, yake ikiwamo. Mwaka huo huo Mzee alipelekwa India kwa matibabu, akarudi, na mwezi Agosti akatutoka.

Wapo watakaosema kwamba msanii alitia saini mwenyewe, hakushikiwa mkono. Ni kweli. Lakini mtu ambaye nyumbani kwake hakuna unga hutia saini karatasi yoyote inayoleta unga leo, na anayempa karatasi hiyo analijua hilo.

Leo vijana wetu wanachekesha kwenye simu, na makampuni yanawafuata kwa matangazo. Mkataba usomwe kwa lugha anayoielewa mwenye kutia saini. Vyama vya wasanii vipiganie fungu la kudumu, kabla mwanachama hajalazwa. Na sisi wanunuzi tuache kujisifu kwa kupata nakala ya bei poa, kwani bei hiyo kuna mtu anailipa.

Majuto mmoja tumekwisha kumzika. Tusingoje mjukuu.