Stand United, Mwadui na Geita Gold: Jinsi dhahabu na almasi zilivyozipandisha na kuziacha timu za Kanda ya Ziwa

Kwa miaka kumi mfululizo, kuanzia msimu wa 2014/15 hadi 2023/24, Ligi Kuu Bara haikukosa timu kutoka Shinyanga au Geita. Msimu wa 2024/25 ulipoanza, hakukuwa na hata moja.

Zilikuwa timu tatu, na zote zilikula mkate wa migodi kwa namna moja au nyingine. Hii hapa safari yao kwa ufupi.

STAND UNITED: TIMU YA STENDI

Jina halidanganyi. Stand United ilizaliwa stendi ya mabasi mjini Shinyanga, kwa wapiga debe na wafanyabiashara wa pale. Mashabiki wanaiita Chama la Wana, na uwanja wake ni CCM Kambarage.

Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15. Mwaka 2015 ikapata bahati ambayo timu nyingi za mikoani zinaiota tu: Acacia, kampuni iliyokuwa inamiliki migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, ilisaini kuidhamini kwa miaka miwili. Ghafla timu ya wapiga debe ikawa na kocha Mfaransa, Patrick Liewig, aliyewahi kuinoa Simba.

Pesa ikaleta swali: timu ni ya nani? Kukawa na kundi la wanachama na kundi la kampuni, kila upande ukidai ndio wenye timu. Mgogoro ukakolea, na mwaka 2016 Acacia wakajitoa.

Hapo wengi waliitabiria kifo. Haikufa. Iliendelea kupambana misimu mitatu zaidi kwa kuungaunga. Septemba 2018 ilikwenda Dar es Salaam ikafungwa na Yanga 4-3, lakini mabao yote matatu ya Stand yalifungwa na mtu mmoja, Mrundi Alex Kitenge.

Msimu huo wa 2018/19 ligi yenyewe haikuwa na mdhamini mkuu baada ya Vodacom kuondoka. Klabu ndogo zilikauka. Stand ikashuka daraja pamoja na African Lyon.

MWADUI: TIMU YA ALMASI

Mwadui iko wilayani Kishapu, kwenye mgodi wa almasi ulioanzishwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940. Timu ya mgodi ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2015/16 chini ya kocha mwenye maneno mengi, Jamhuri Kihwelo 'Julio'.

Siku yake kubwa ilikuwa Oktoba 2019 pale Kambarage. Bao la kichwa la Gerald Mathias liliipa ushindi wa 1-0 dhidi ya Simba, na Simba ikapoteza mechi yake ya kwanza ya ligi msimu huo.

Miezi michache baadaye corona ikaingia. Bei ya almasi duniani ikaporomoka, na Aprili 2020 mgodi ukasimamisha uzalishaji. Ulirudi kazini mwaka 2021.

Angalia kilichotokea katikati: msimu wa 2020/21, wakati mgodi umelala, Mwadui ilimaliza mkiani na kushuka. Timu haishuki kwa sababu moja tu, lakini kiukweli ni vigumu kuyatenganisha mambo hayo mawili.

GEITA GOLD: TIMU YA HALMASHAURI

Hii ndiyo iliyofika mbali zaidi, na pia ndiyo iliyoanza vibaya zaidi.

Mwaka 2016 ilikaribia kupanda baada ya kuifunga JKT Kanembwa 8-0 siku ya mwisho, huku Polisi Tabora ikiifunga JKT Oljoro 7-0. TFF ikaona matokeo hayo si ya kawaida, ikazishusha daraja timu zote nne kwa upangaji wa matokeo. Nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza.

Mwaka 2019 ikarudi mlangoni, ikazuiwa na jirani: Mwadui iliitoa kwenye mechi za mtoano na kubaki Ligi Kuu.

Mwishowe ikapanda msimu wa 2021/22, Mwadui ilipokuwa inatoka. Timu ikiwa mali ya Halmashauri ya Mji wa Geita, na mdhamini wake ni mgodi wa GGML, ilimaliza nafasi ya nne nyuma ya Yanga, Simba na Azam. Mshambuliaji wake George Mpole alichukua kiatu cha ufungaji bora kwa mabao 17, bao moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga.

Nafasi hiyo iliipeleka Kombe la Shirikisho Afrika. Ilitolewa mapema na Hilal Alsahil ya Sudan: ilifungwa 1-0 ugenini, ikashinda 2-1 nyumbani, ikatoka kwa bao la ugenini.

Mpole akaondoka kwenda FC Lupopo ya DR Congo. Misimu miwili tu baada ya ile nafasi ya nne, 2023/24, Geita Gold ikashuka na Mtibwa Sugar.

TATIZO LIKO WAPI?

Ukizipanga pamoja, unaona kitu kimoja. Mkataba wa mdhamini unalipa mishahara, usafiri na usajili wa msimu huu. Haujengi akademi wala uwanja wenye geti la kuingiza pesa, kama klabu yenyewe haijaamua hivyo. Siku mdhamini akiondoka, au mgodi ukisimama, klabu inabaki na jezi.

Na migodi ina mwisho. Buzwagi pale Kahama ilifunga uzalishaji mwaka 2021.

SASA HIVI

Mwaka 2025 Stand na Geita Gold zilikutana zenyewe kwa zenyewe kwenye mtoano wa kuwania kupanda. Stand ikapita, kisha ikakwama kwa Fountain Gate, iliyobaki Ligi Kuu.

Yaani kati ya timu tatu, iliyofika karibu zaidi na kurudi siku hiyo ni ile iliyoachwa na mgodi mapema kuliko zote.