Shajara na barua kama chanzo cha historia ya usomaji

Shajara na barua za watu binafsi ni miongoni mwa vyanzo vichache vinavyomwonyesha msomaji akiwa na kitabu mkononi. Orodha za maktaba, hati za mirathi na daftari za wauza vitabu hueleza nani alikuwa na nini. Hazielezi kama kitabu kilifunguliwa, kama kilisomwa kwa sauti au kimyakimya, wala kama kilimchosha mwenyewe kabla ya kufika katikati. Mtu anayeandika habari za siku yake usiku, au anayempelekea nduguye salamu, huyataja mambo hayo kwa kupita tu. Kwa sababu hiyo ushahidi wake huaminika kuliko tawasifu iliyotungwa uzeeni, ambamo kila mtu alisoma vitabu vizuri tangu utotoni. Wanahistoria wametumia vyanzo hivi kwa bidii hasa kuanzia miaka ya 1980.

Samuel Pepys

Shajara inayotajwa kuliko zote ni ya Mwingereza Samuel Pepys (1633–1703), mtoto wa fundi cherehani wa London aliyepanda hadi kuwa karani wa Baraza la Wanamaji. Aliianza tarehe 1 Januari 1660 na kuiacha tarehe 31 Mei 1669 kwa kuogopa kupofuka. Aliiandika kwa hatimkato ya Thomas Shelton. Hati hiyo iliwashinda watu hadi John Smith alipoifumbua kati ya 1819 na 1822, pasipo kujua kwamba kitabu cha kufundishia hatimkato hiyo kilikuwa katika maktaba ileile iliyohifadhi shajara.

Pepys alisoma popote. Alisoma ofisini, kitandani na ndani ya mashua kwenye mto Thames. Hata alipokwenda kwa miguu kukagua bandari ya Deptford, kitabu kilikuwa wazi mkononi. Tarehe 20 Agosti 1666, akiwa majini kuelekea hukohuko Deptford, alisoma Othello ya Shakespeare na kuiona ni kazi duni ikilinganishwa na tamthilia nyingine aliyokuwa ameisoma karibuni, hukumu ambayo wahakiki wa baadaye hawakumsamehe. Januari 1665 alikesha hadi saa nane usiku na Micrographia ya Robert Hooke, kitabu cha michoro ya vitu vilivyotazamwa kwa hadubini, akakisifu kuliko vyote alivyowahi kusoma.

Mfano wa Hudibras, shairi la kejeli la Samuel Butler, unaonyesha jinsi sifa za mjini zilivyouza kitabu. Pepys alilinunua tarehe 26 Desemba 1662 kwa shilingi 2 na peni 6. Alipolisoma aliona ni upuuzi, na siku hiyohiyo akamuuzia mtu mwingine kwa peni 18. Lakini watu waliendelea kulisifu, naye tarehe 6 Februari iliyofuata akanunua nakala nyingine ili aone wanacheka nini. Sehemu ya pili ilipotoka alijihadhari: kwanza aliiazima kwa muuza vitabu, ingawa kabla ya mwaka kwisha alikuwa amezinunua zote mbili.

Kisa kinachowavutia zaidi watafiti ni cha Februari 1668. Pepys alinunua L'Escole des filles, kitabu cha Kifaransa cha mambo ya chumbani, na kwa makusudi akachagua nakala yenye jalada la kawaida. Siku iliyofuata, Jumapili, alikisoma, akajiambia kwamba si vibaya mtu kuujua uovu wa dunia, kisha akakichoma moto kisije kikaonekana katika orodha ya vitabu vyake na kuviaibisha vingine. Orodha hiyo ipo hadi leo pamoja na maktaba yake ya vitabu 3,000 katika Chuo cha Magdalene, Cambridge, iliyofika huko mwaka 1724. Vitabu vimepangwa kwa kimo ndani ya makabati 12, na vile vifupi vimewekewa vipande vya mbao chini ili vilingane na wenzake. Mtu mwenye orodha peke yake angemwona Pepys kuwa muungwana asiye na doa.

Usomaji wa nyumbani ulikuwa pia jambo la watu wawili au watatu. Mkewe Elizabeth alimsomea kwa sauti, na macho yalipozidi kumsumbua mtumishi wake kijana alisaidia kazi hiyo. Mke naye alikuwa na vitabu vyake. Mei 1666, wakiwa safarini ndani ya gari la farasi, alimsimulia mumewe visa virefu vya Le Grand Cyrus, riwaya ya Madeleine de Scudéry yenye juzuu 10. Pepys alimkatiza, na mkewe akakasirika. Elizabeth hakuacha shajara, kwa hiyo tunayajua mapenzi yake ya riwaya kupitia kwa mume aliyechoshwa nayo.

Wasomaji wengine wa Ulaya

Thomas Turner, mwenye duka kijijini East Hoathly, aliandika shajara kati ya 1754 na 1765. Alisoma mahubiri ya Tillotson baada ya kufunga duka, na mkewe alimsomea Clarissa ya Richardson. Jane Austen, katika barua kwa dada yake Cassandra ya Desemba 1798, aliicheka maktaba ya kukodisha iliyojitetea kwamba haitakuwa na riwaya tupu. Charles Darwin aliweka daftari za vitabu alivyosoma tangu 1838 hadi 1860.

Afrika Mashariki na Kongo

David Livingstone aliandika mwaka 1871 kwamba alipokuwa Manyema aliisoma Biblia nzima mara nne. Karatasi zilipomwishia akiwa Nyangwe aliandika shajara juu ya kurasa za gazeti la The Standard la 1869 kwa wino wa mimea. Maandishi hayo yalisomeka vizuri baada ya kupigwa picha kwa mianga mbalimbali, na yalitolewa mwaka 2011.

Barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu zilikusanywa na Carl Büttner na kuchapishwa mwaka 1892. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilichapisha barua na mashairi ya wasomaji. Barua za Shaaban Robert kwa mdogo wake Yusuf Ulenge, za 1931 hadi 1958, zilihaririwa na M. M. Mulokozi na kutolewa mwaka 2002. Ni hazina, kwani ni nadra kumpata mwandishi wa Kiswahili wa enzi hiyo akizungumza faraghani kwa muda mrefu hivyo.

Kasoro za chanzo

Waliotunza shajara ni wachache, wengi wao wanaume wenye nafasi na mishumaa ya kutosha. Wahariri nao hukata: toleo la kwanza la Pepys, la Lord Braybrooke (1825), lilitoa sehemu tu ya shajara, na toleo kamili la Latham na Matthews lilitoka kati ya 1970 na 1983.

Matumizi ya sasa

Mwaka 1996 Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilihusika kuanzisha hifadhidata ya matukio ya usomaji ya Waingereza kati ya 1450 na 1945. Imekusanya kumbukumbu zaidi ya 30,000, nyingi kutoka katika shajara na barua.