Chemchemi za maji moto za Panyimur

Chemchemi za Panyimur ni vyanzo vitatu vya maji moto, Amoropii, Okumu na Avuka, vinavyobubujika karibu na ufuo wa kaskazini-magharibi wa Ziwa Albert, katika Wilaya ya Pakwach, Uganda. Msafiri anayetoka Omugo, wilayani Terego, hupitia Arua na Nebbi kabla ya kuteremka bondeni kwa Wajonam. Panyimur yenyewe hujulikana zaidi kwa soko la samaki. Wengi wanaofika huko huja kununua samaki, na maji moto huyaona wakipata nafasi.

Joto la maji haya halitokani na volkano. Ziwa Albert limo katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ambako ardhi imepasuka na kudidimia. Maji ya mvua huzama kupitia nyufa hizo hadi kina kirefu, hupata joto la miamba, kisha hupanda tena. Yakitoka juu hayafiki nyuzi 60 za Selsiasi. Japani ni habari nyingine: ina volkano hai zaidi ya 100, na vyanzo vyake vya maji moto huhesabiwa kwa makumi ya maelfu. Sheria yake ya mwaka 1948 huyatambua hata maji ya nyuzi 25 kuwa maji ya chemchemi ya moto. Kwa kipimo hicho Panyimur ingepita bila shida.

Huko milimani Japani, majira ya baridi ndiyo msimu wa kwenda kulala kwenye nyumba za wageni zilizojengwa juu ya chemchemi. Ya zamani kuliko zote, Keiunkan ya Nishiyama, huhesabu umri wake tangu mwaka 705. Mgeni huvua viatu mlangoni, hupewa joho jepesi la pamba, huletewa chakula cha jioni cha sahani nyingi ndogondogo, na hulala kwenye godoro linalotandikwa juu ya mikeka. Kabla ya kuingia kwenye bwawa lazima aketi kwenye kigoda ajisugue kwa sabuni na kujisuuza hadi povu liishe, kwa kuwa maji ya bwawa ni ya wote. Huingia bila nguo, wanaume upande wao na wanawake upande wao, na kitambaa hakitiwi majini. Raha kubwa ni bwawa la nje: mwili umo kwenye maji moto hadi shingoni, theluji inaanguka kichwani. Huko Jigokudani, mkoani Nagano, hata nyani wamejifunza kujitumbukiza, na bustani yao imekuwa wazi kwa watalii tangu 1964.

Miezi hiyohiyo, Desemba hadi Februari, West Nile, eneo ilimo Panyimur, iko kwenye kiangazi. Nyasi zimekauka, vumbi limetanda, na ufuoni jua huchoma. Mtu aliyeshinda kwenye joto la namna hiyo hana sababu ya kulipia chumba ili aongezewe jingine, na hapa ndipo tofauti ilipo. Katika Uganda mtu huingia maji moto kwa sababu anaumwa viungo, mgongo au ngozi. Mfano ulio wazi ni Kitagata, wilayani Sheema, upande wa kusini-magharibi. Chemchemi moja huko huitwa ya Omugabe, kwa kuwa wafalme wa Ankole walikuwa wakioga hapo, na nyingine watu wameipa jina la hospitali, Mulago. Jina hilo linatosha kueleza wanachofuata.

Ng'ambo ya Ziwa Albert, Kibiro, maji moto yamekuwa riziki. Wanawake hutandaza udongo kwenye viwanja vyenye chumvi, jua huukausha, huuchuja kwa maji ndani ya vyombo vilivyotobolewa, kisha huchemsha maji hayo hadi chumvi ibaki. Viwanja ni mali ya wanawake, na mama humrithisha binti. Mwanaakiolojia Graham Connah alichimba hapo na kuonyesha kuwa kazi hiyo ina karne nyingi. Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria aliyeweka makao yake Wadelai upande wa West Nile mwaka 1885, aliitumia Kibiro kama bandari ya kufikia Bunyoro.

Kupika ni matumizi yanayofanana kote. Sempaya, wilayani Bundibugyo, maji huchemka na wageni huivisha humo mayai na ndizi. Katika kijiji cha Nozawa, Japani, wenyeji huchemshia mboga kwenye chemchemi ya Ogama, ambako mgeni haruhusiwi kuingia.

Serikali ya Uganda imeiweka Panyimur pamoja na Kibiro, Buranga na Katwe katika maeneo yanayochunguzwa kwa ajili ya jotoardhi. Umeme huvutia wanasiasa, lakini mahali penye samaki wengi wa kukaushwa, joto la kiasi lingeweza kuwa na faida ya haraka zaidi, kwa kuwa ukaushaji hauhitaji mvuke mkali na hupunguza kuni. Bwawa la kuogea laweza kufuata baadaye. Huko Olkaria, Kenya, kampuni ya KenGen huendesha bwawa la wageni linalojazwa maji ya visima vya umeme, ingawa Naivasha, juu ya mita 1,800, ina jioni za baridi ambazo Panyimur haina.